Kutoka Mwanza hadi Jengo Kuu la Makerere: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kulitembelea na kulipiga picha

Maswali haya yanatoka kwa watu wa Mwanza, Geita, Ukerewe, Musoma na Bukoba wanaopanga kwenda Kampala na wanataka kupita Chuo Kikuu cha Makerere kuona lile jengo jeupe lenye mnara wa saa. Anayejibu ni mtu anayekula kwa kamera, kwa hiyo usishangae majibu yakiegemea upande huo.

Kwa nini mtu wa Mwanza aende Kampala kutazama jengo la chuo? Sisi hatuna vyuo?

Tunavyo. SAUT iko Malimbe, Bugando iko juu ya kilima inatutazama. Lakini kabla ya Oktoba 1961, pale kitivo cha sheria kilipofunguliwa Dar es Salaam, Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Kijana wa Kanda ya Ziwa aliyefaulu vizuri Tabora alitazama ng'ambo ya ziwa, na ng'ambo ya ziwa ilikuwa Makerere.

Chuo hicho kilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na wanafunzi 14 wa kutwa waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Mwaka huohuo, huko Butiama, alizaliwa Julius Kambarage Nyerere. Jengo Kuu lilijengwa mwaka 1941, Nyerere akafika mwaka 1943. Alilikuta bado linanukia upya. Akiwa pale, yeye na wenzake Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu waliunda umoja wa wanafunzi wa Tanganyika ulioitwa TAWA, ambao baadaye ulijiunga na TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika. TAA ndiyo iliyozaa TANU mwaka 1954. Mwaka 1945 Nyerere akamaliza stashahada ya ualimu na kurudi Tabora kufundisha.

Hakuwa peke yake. Dk. Vedasto Kyaruzi wa Bukoba, aliyekuja kuwa rais wa TAA, alisomea udaktari Makerere. Benjamin Mkapa alihitimu Kiingereza mwaka 1962. Ukiongeza Mwai Kibaki wa Kenya na Milton Obote wa Uganda wenyewe, utaona kwamba nchi tatu jirani ziliongozwa na watu waliopanda kilima kimoja. Mimi hiyo inanitosha kukata tiketi.

Nilisikia liliungua. Bado kuna cha kuona?

Kipo, ingawa ni vizuri ujue unachokitazama.

Moto ulizuka usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 20 Septemba 2020. Paa likaanguka, ghorofa za juu zikateketea pamoja na ofisi na kumbukumbu zilizokuwamo. Asubuhi zikasambaa picha za kuta zilizosimama bila kichwa, madirisha meusi kama macho ya mtu aliyekesha. Watu waliosoma pale walilia waziwazi, wakiwemo wazee wa Tanzania.

Serikali ya Uganda ikaamua kulijenga upya kwa sura ileile, na Oktoba 2024 likafunguliwa tena. Kwa hiyo ukisimama mbele yake leo unaona umbo la mwaka 1941, ila sehemu kubwa ya unachokiona ni mikono ya mafundi wa juzi. Wapo wanaosema basi hilo si jengo la kihistoria tena. Sikubaliani nao. Michoro ni ileile, mahali ni palepale, kazi ya jengo haijabadilika, na moto wenyewe sasa ni sehemu ya historia yake. Ila ukiandika maelezo chini ya picha yako, usiandike "kuta hizi zimesimama bila kuguswa tangu 1941". Andika kwamba lilijengwa mwaka 1941, likaungua 2020, likafunguliwa upya 2024. Maneno machache, na msomaji anajua anatazama nini.

Na kama una picha za zamani za jengo hilo, za baba au babu akiwa ameegemea nguzo, zitunze sana. Ukiweza nenda nazo. Kupiga picha mpya ukiwa umesimama palepale aliposimama mzee ndiyo picha bora unayoweza kurudi nayo kutoka Makerere.

Nahitaji karatasi gani kuingia Uganda?

Pasipoti, au hati ya dharura ya safari inayotolewa na Uhamiaji. Kitambulisho cha NIDA peke yake kisikudanganye. Mkenya na Mnyarwanda wanavuka kwenda Uganda na vitambulisho vyao vya taifa, ila Tanzania haimo kwenye mpango huo. Raia wa Afrika Mashariki halipi viza.

La pili ni kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjwa mapema, kwa sababu chanjo inaanza kuhesabika baada ya siku 10. Ukishachanjwa, cheti hicho ni cha maisha. Watu wanaobeba pasipoti na kusahau kadi huishia kubembelezana na maofisa wa afya mpakani huku basi likipiga honi.

Njia gani ni nzuri?

Kwa barabara, wengi wanapandia Nyegezi kwenda Bukoba. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, ile foleni ya kivuko imekwisha. Kilomita 3 juu ya maji unazipita kabla hujamaliza kumenya yai. Ukifika Bukoba lala, kesho yake nenda Mutukula.

Wanaopenda ziwa wanachukua MV Victoria. Inang'oa nanga usiku Mwanza na kukufikisha Bukoba asubuhi. Hakikisha siku zake bandarini kabla hujapanga kitu kingine. Usichanganye na MV Umoja, inayokwenda moja kwa moja Port Bell, bandari ya Kampala. Hiyo inabeba mabehewa ya mizigo.

Mutukula ni kituo cha pamoja cha mpaka. Ukienda Uganda, muhuri wa kutoka Tanzania na wa kuingia Uganda unagongewa upande wa Uganda, ofisi moja. Kisha unapita Kyotera na Masaka. Baada ya Masaka, pale Kayabwe, barabara inavuka ikweta na kuna alama kubwa ya duara ambako kila mtu anapiga picha. Ukiwa na gari binafsi simama. Ukiwa kwenye basi, kaa dirishani ukiwa tayari, kwa sababu dereva hana habari na wewe.

Ipo pia njia ya Sirari, Kisumu na Busia. Inakuzungusha upande wote wa mashariki wa ziwa na kukuongezea nchi ya tatu, Kenya. Nzuri kwa matembezi, mbaya kwa mwenye haraka.

Kutoka mjini Kampala hadi Makerere nafikaje?

Taja Wandegeya. Ni mtaa ulio chini ya kilima, karibu na geti kuu, na si mbali na katikati ya jiji. Kampala "taxi" ni daladala, basi dogo lenye mistari ya bluu na nyeupe, kwa hiyo ukimwambia mtu unataka taxi atakupeleka kwenye stendi yenye vurugu usiyoitegemea. Gari la kukodi peke yako wanaliita "special". Bodaboda zipo kila kona. Patana bei kabla hujapanda, kama unavyofanya Kirumba.

Shuka getini upande kwa miguu. Si mbali, na utaingia ukiwa umeshaona chuo badala ya kutupwa mbele ya jengo.

Mlinzi atanizuia?

Inategemea unavyoingia. Hiki ni chuo kinachofanya kazi, kina wanafunzi maelfu na ofisi za wakubwa. Makamu Mkuu wa Chuo ana ofisi yake ndani ya jengo hilohilo unalotaka kulipiga picha. Mlinzi ana haki ya kukuuliza wewe ni nani.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Kamera ibaki kwenye begi. Msalimie kwanza. "Oli otya, ssebo?" kwa mwanamume, "Oli otya, nnyabo?" kwa mwanamke. Mhaya hana tabu hapo, Luganda kwake ni kama lugha ya shangazi. Toa kitambulisho kabla hujaombwa. Sema unatoka Tanzania, Mwanza, umekuja kuona Jengo Kuu, na unaomba kupiga picha za kumbukumbu kwa nje. Akikubali, shukuru na uulize kama kuna sehemu ambayo hairuhusiwi. Swali hilo la mwisho ndilo linalomfanya akuone mtu mzima.

Akikataa, usibishane. Omba akuelekeze ofisi ya kuuliza. Mara nyingi mlinzi hakatai kwa ubaya. Anaogopa tu kulaumiwa.

Na kama mtu yeyote anakuambia kuna malipo, mwombe risiti. Neno risiti linafanya kazi vizuri pande zote za mpaka.

Naweza kuingia ndani?

Nje ni jambo moja, ndani ni jingine. Ndani kuna Ukumbi Mkuu na korido za ofisi. Siku za kazi, saa za ofisi, uliza mapokezi. Kukiwa na mkutano au mtihani ukumbini, hutaingia. Wikendi ofisi zimefungwa, ila uwanja wa mbele unakuwa mtulivu na picha za nje zinatoka vizuri zaidi. Kama lengo lako ni kuona ndani, panga katikati ya wiki. Kama lengo ni picha ya jengo zima bila magari mbele yake, Jumamosi au Jumapili asubuhi.

Ndani usitumie flashi, na usipige picha za karatasi, mbao za matangazo zenye majina ya watu, wala skrini za kompyuta.

Mimi nina studio hapa Mwanza na nataka kupeleka maharusi, au kupiga picha za tangazo. Ni sawa?

Hiyo si picha ya kumbukumbu, hiyo ni biashara. Omba ruhusa ya maandishi kwa uongozi wa chuo kabla hujasafiri, useme mtakuwa wangapi, mtaleta vifaa gani, picha zitatumika wapi. Ukifika na mwavuli wa taa, tripodi, bibi harusi mwenye shela la mita tatu na mshenga, hakuna mlinzi atakayeamini kwamba ni watalii.

Hata tripodi peke yake inabadilisha hali. Watu wawili wenye simu hakuna anayewaona. Mtu mmoja mwenye miguu mitatu ya chuma, kila mtu anamwona.

Na droni?

Iache nyumbani. Uganda inataka kibali cha kuingiza na kurusha droni, na vyombo vya usalama vinahusika. Ukivuka nayo kienyeji Mutukula inaweza kubaki pale forodhani, na urefu wa maelezo yako hautaifanya irudi.

Nitapigaje picha ya jengo hilo kwa simu likatoka vizuri?

Hapa ndipo ninapenda kukaa.

Mbele ya Jengo Kuu kuna uwanja wa nyasi unaoitwa Freedom Square, ambako mahafali hufanyika. Kosa la wengi ni kusogea hadi kwenye ngazi na kuinua simu juu. Ukiinua simu, mnara wa saa unalala kinyumenyume na kuta zinabanana kwa juu. Dawa yake ni umbali. Rudi nyuma kwenye uwanja mpaka uone jengo zima huku simu ikiwa imesimama wima, haikuinama mbele wala nyuma. Utapata nyasi nyingi chini. Sawa, utakata baadaye. Ukiwa na lenzi pana kwenye simu yako, itumie kwa tahadhari, maana inavuta pembe na kulifanya jengo lipinde.

Pili, weupe. Kuta nyeupe chini ya jua la ikweta zinaidanganya kamera. Ama ukuta unaungua na kuwa karatasi tupu, ama kamera inaogopa na kuufanya kijivu. Gusa ukuta kwenye skrini, kisha vuta mwanga chini kidogo kwa kidole hadi uone mistari ya madirisha na kivuli chini ya paa. Giza unaweza kulifungua baadaye kwenye simu. Weupe ulioungua haurudi.

Tatu, saa. Kampala jua linachomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi, karibu sawa na kwetu. Hadi saa 3 mwanga bado ni laini. Kuanzia saa 5 hadi saa 9 alasiri jua liko utosini, nyuso za watu zinakuwa na mashimo ya macho, na jengo linapoteza umbo kwa sababu vivuli vimekwisha. Ukilazimika kupiga saa hizo, achana na jengo zima. Tafuta vipande: nguzo, kivuli cha upinde, mlango, uso wa saa ya mnara.

Nne, mvua. Miezi ya mvua nyingi ni Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba. Watu wanaikimbia miezi hiyo, mimi naipenda. Baada ya mvua mbingu inaoshwa, vumbi linatulia, lami inang'aa, na jengo jeupe mbele ya wingu jeusi ni picha ambayo kiangazi hakikupi. Beba mfuko wa nailoni wa kufunika simu.

Tano, mtu. Jengo bila mtu halina kimo. Mweke mwenzako kwenye ngazi, mbali, akitembea badala ya kusimama kama nguzo ya umeme, na ghafla mtazamaji anaelewa ukubwa wake.

Halafu futa lenzi. Simu iliyokaa mfukoni tangu Bukoba ina mafuta ya chapati juu yake.

Naona ndege wakubwa wa ajabu kwenye picha za Kampala. Ni wale wa kwetu?

Ndio walewale, korongo wenye vipara tunaowaona Mwaloni Kirumba wakisubiri matumbo ya samaki. Kampala wanaishi juu ya miti na mapaa katikati ya jiji. Wanapendeza kwenye picha wakiwa wamesimama juu ya paa. Usisimame chini ya mti wao, hasa ukiwa umevaa nyeupe.

Ni picha gani zinaweza kuniletea matatizo?

Askari, polisi, kambi, magari ya jeshi, Ikulu, viwanja vya ndege, na mabwawa ya umeme. Anayeendelea hadi Jinja kuona Nile inapotoka ziwani aweke kamera chini anapofika kwenye bwawa la Nalubaale.

Chuoni kwenyewe hatari kubwa ni mgomo. Wanafunzi wa Makerere wana historia ndefu ya kuandamana, na polisi wa Kampala wana historia ndefu ya kuwajibu. Ukiona matawi ya miti mikononi, nyimbo, au magari ya polisi yakipanga mstari, rudisha simu mfukoni na uondoke kwa njia uliyojia. Picha ya mgomo waachie waandishi wenye vitambulisho.

Wanafunzi wakiwa kwenye picha yangu?

Wakiwa kwa mbali wanapita, hakuna shida. Ukitaka uso wa mtu, muombe. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019, na hata isingekuwepo, adabu ipo. Usimpige picha mtu aliyelala kwenye nyasi na kitabu usoni ukamgeuza kichekesho mtandaoni. Wengi ukiwaomba watakubali, na watakuomba uwatumie.

Kiswahili kitanisaidia?

Zaidi ya unavyodhani, kidogo kuliko unavyotaka. Kwa miaka mingi Uganda Kiswahili kilinasibishwa na askari, hasa enzi za Idi Amin, na wazee wengine bado wanakunja uso wakikisikia. Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha kifundishwe shuleni kwa lazima, kwa hiyo hali inabadilika. Chuoni utakutana na wanafunzi wa Kenya na Tanzania. Anza na salamu ya Luganda, endelea na Kiingereza, na Kiswahili kitajitokeza chenyewe mtu akigundua unatoka wapi.

Tunakwenda Namugongo tarehe 3 Juni na parokia. Tunaweza kupita Makerere?

Mnaweza, ila si tarehe 3 yenyewe. Siku ya Mashahidi wa Uganda barabara za kuelekea Namugongo zimejaa mahujaji waliotembea kwa miguu kutoka pande zote, na basi lenu halitakwenda popote. Pangeni siku moja kabla au baada.

Kundi la watu 50 wenye sare za kwaya si sawa na wageni wawili. Kiongozi wa safari au katibu wa parokia aandike barua mapema kwa chuo. Ndani ya eneo la chuo kuna kanisa la Kikatoliki la Mtakatifu Augustino na la Kianglikana la Mtakatifu Francis. Kwa msafara wa kanisa, kuwasiliana kupitia huko ni njia rahisi kuliko kuanza na geti. Mkifika, kaeni kundi moja, msiimbe mbele ya madirisha ya ofisi, na picha ya pamoja ipigwe mara moja na mtu mmoja, baadaye aisambaze. Kila mtu akitaka ya simu yake mtakuwa hapo hadi jioni.

Picha ya kundi kubwa ni kwenye ngazi: wafupi mbele, warefu nyuma, mpigaji arudi mbali. Mnara wa saa uingie wote au utoke wote. Mnara uliokatwa katikati unaudhi.

Baba yangu alisoma pale miaka ya 1960. Naweza kupata kumbukumbu zake?

Jaribu, ukijiandaa. Andika kwa ofisi ya Msajili wa Masomo ukitaja jina lake kamili kama lilivyokuwa wakati ule, mwaka aliosajiliwa, kozi, na bweni alilokaa. Bweni ni muhimu kuliko unavyofikiri. Mtu wa Makerere hujitambulisha kwa bweni: Mitchell, Livingstone, Northcote (siku hizi Nsibirwa), na Mary Stuart kwa akina mama. Maktaba Kuu pia ina sehemu ya Africana yenye machapisho ya zamani.

Jambo moja la kukusaidia kusoma cheti chake. Kuanzia 1949 Makerere kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na shahada zilitoka London. Kuanzia 1963 hadi katikati ya 1970, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa chuo kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kwa hiyo cheti cha mzee kisipotaja Makerere kwa herufi kubwa, hakudanganya mtu.

Ukifanikiwa kuingia bweni lake, omba ruhusa kwa mlezi wa bweni. Ni makazi ya watu.

Ni lini nisiende?

Wakati wa mahafali, kwa kawaida Januari au Februari, kama huna ndugu anayehitimu. Freedom Square inafunikwa mahema na huoni jengo. Kama una ndugu anayehitimu, ni wakati mzuri kuliko wote, beba betri ya akiba.

Naweza kukodi joho nipige nalo picha mbele ya mnara?

Kama hukusoma hapo, hapana. Utaiweka kwenye simu kwa utani, mwakani itazunguka kwenye makundi ya ukoo, na shangazi atakuuliza ulihitimu lini.

Tukishamaliza, tule wapi na tuone nini jirani?

Rudini Wandegeya mkale rolex: chapati iliyozungushiwa mayai, nyanya na kitunguu, mbele ya macho yako, kwa bei ya mwanafunzi. Mkiagiza samaki, jueni kwamba sato kule ni ngege na sangara ni mputa. Ziwa ni lilelile, majina ndiyo yamevuka mpaka.

Ndani ya chuo kuna jumba la sanaa la Makerere, kwenye shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell miaka ya 1930. Sam Ntiro na Elimo Njau, wachoraji wetu kutoka Kilimanjaro, walipita kwenye shule hiyo. Ukipenda picha za mkono kuliko za kamera, tenga saa nzima.

Jirani kuna kilima cha Kasubi, yalipo makaburi ya Kabaka wa Buganda, urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001. Napo paliungua, Machi 2010, na nyumba kubwa ya nyasi ikajengwa upya. Mahali pale ni patakatifu kwa Waganda. Fuata maelekezo ya mwongozaji kuhusu viatu, mavazi na wapi pa kupiga picha.

Nipeleke pesa gani?

Shilingi ya Uganda ina thamani ndogo kidogo kuliko yetu, kwa hiyo bei zitakushtua kwa sifuri zake. Badilisha kidogo Mutukula kwa ajili ya nauli na chakula, hesabu mbele ya aliyekupa, nyingine badilishia Kampala kwenye duka lenye bango na risiti.

Nikirudi, mpakani wananiuliza nini kuhusu kamera?

Kama ni simu au kamera moja ndogo, kwa kawaida hakuna swali. Kama unabeba mwili wa kamera na lenzi kadhaa, ziorodheshe forodhani unapotoka Tanzania, na namba zake, ili unaporudi isionekane umezinunulia Kampala. Ukiwa unarudi, Mutukula inageuka: muhuri zote mbili unazipata upande wa Tanzania, na kadi ya njano wanaitazama tena. Usiifungie kwenye begi lililo juu ya basi.